Mtoto akiugua akili, Mwanza unaanzia mlango gani?

Mpwa wangu alikuwa na miaka 13, ndio kwanza kaingia kidato cha kwanza, tumbo lilipomwanza. Lilikuwa tumbo la ratiba. Linaanza kunyonga Jumapili jioni, Jumatatu alfajiri linakuwa kali mpaka anajikunja sakafuni, ikifika saa nne, wenzake wakiwa wameshatulia darasani, linapoa na anaomba chai. Dada yangu, anayeanika na kuuza dagaa mwaloni Igombe, ufukwe wa mitumbwi ya uvuvi hapa Mwanza, alianzia duka la dawa. Wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Wapi. Akaenda maabara ya mtaani, akaambiwa UTI na taifodi, maana siku hizi ukipima hukosi kimojawapo. Sindano siku tano. Tumbo palepale. Shuleni, siku alizokosa zilipofika kumi na moja, mwalimu wa zamu aliandika neno moja kwenye daftari la mahudhurio, "mtoro", na aliporudi akala viboko. Bibi yake naye akapiga simu kutoka Sengerema: huyo mtoto hakutolewa vizuri kwenye msiba wa baba yake, kuna kitu kinamwita ziwani.

Miezi mitatu, majina manne: vidonda, UTI, utoro, mzimu. Na kila jina lilikuja na mlango wake. Vidonda vikampeleka dukani, UTI ikampeleka maabara, utoro ukampeleka kwenye fimbo, mzimu ulikuwa njiani kumpeleka kwa mganga. Jina la tano, ambalo lingempeleka kwa mtu anayejua kazi hiyo, halikuwa mdomoni mwa yeyote kati yetu. Mimi mjomba mtu nimo.

Nikitazama nyuma, bibi ndiye aliyekaribia. Baba wa mtoto alikufa maji miezi saba kabla ya hapo, mtumbwi ulipigwa na dhoruba usiku, mwili ukaonekana siku ya nne, na kijana ndiye aliyeitwa kulitambua shati. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza aliona nini siku ile.

Tunaposema huduma za afya ya akili kwa watoto hazipo, mara nyingi tunamaanisha madaktari ni wachache. Ni wachache kweli. Mkoa wa Mwanza una watu karibu milioni 3.7 kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao ni watoto. Wataalamu wa akili za watoto hawalingani kabisa na idadi hiyo. Lakini familia nyingi hazifiki hata kwenye foleni ya hao wachache. Zinapotelea kwenye jina.

Hili la majina si geni kwenye mwambao huu. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, kuna kijiji kinaitwa Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa wiki saba, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, wengine wakawa wanahaha wakisema kuna anayewafukuza. Hali ilimkaa mmoja saa chache, mwingine siku hadi 16. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hakuna mwalimu hata mmoja. Wasichana wakarudishwa makwao, kicheko kikaenda nao: katika kijiji cha Nshamba peke yake walipatwa watu 217. Madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, walitafuta sumu na maambukizi wasipate, wakachapisha ripoti yao mwaka 1963. Wenyeji walikuwa wameshaupa majina: enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na akajanja, wazimu.

Watu wa mitandaoni hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi sioni la kuchekesha. Wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na nyumbani, chini ya amri kali, katika nchi inayobadilika usiku na mchana, walibanwa na kitu wasichoruhusiwa kukisema, miili ikakisema kwa niaba yao. Ndivyo wanavyoeleza watafiti waliokuja baadaye, na ndivyo ilivyo hadi leo unaposikia kwamba shule fulani ya kata wasichana wanaanguka, wanapandisha mashetani, mchungaji kaitwa, wazazi wamejaa getini. Wale wasichana hawaigizi. Maumivu ni yao, kuzimia ni kwao. Kinachosaidia ni kuwatawanya kwa upole, kuwatoa kwenye macho ya watu na simu za kurekodi, kuwapima miili ili kuwa na hakika, kisha kuzungumza na mmoja mmoja mahali tulivu. Ukikusanya shule nzima uwanjani kwa maombi ya kukemea, kesho wataanguka mara mbili ya jana.

Sasa tuseme mzazi ameanza kuhisi. Atajuaje kama ni balehe tu au ni jambo la kutafutiwa msaada?

Balehe huja na kununa, kufunga mlango na kujibu mkato. Hilo kila mzazi analijua. Kinachotofautisha ni muda, na maisha kusimama. Mtoto aliyeacha mpira alioupenda, asiyelala au anayelala kutwa, aliyeporomoka darasani ghafla, anayejitenga na marafiki wote, na hali hiyo ikaendelea zaidi ya wiki mbili tatu, huyo anaomba msaada hata kama hajafungua mdomo. Sonona, ugonjwa wa moyo kukosa furaha na nguvu, kwa mtu mzima huonekana kama huzuni. Kwa kijana mara nyingi huonekana kama hasira. Kwa mtoto mdogo huonekana mwilini: tumbo, kichwa, kurudia kukojoa kitandani wakati alishaacha. Kisha kuna mambo ya aina nyingine kabisa ambayo huishia mlango uleule wa kliniki. Usonji, mtoto anayechelewa kusema na asiyejibu jina lake. Kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo lakini katika hospitali zetu nyingi dawa zake hutolewa kliniki ya akili. Na bangi na pombe kali, kwa vijana wanaoshinda mialoni.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili yanayowapata watu maishani huwa yameshaanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Ukiingia darasa la Mwanza lenye wanafunzi 70, kwa hesabu hiyo kuna kumi. Wengi wao kwenye daftari la shule wameandikwa watundu, wavivu au watoro.

Tatizo la lugha lina upande wa pili. Sonona ni neno zuri, redio wanalitumia, wizara wanalitumia. Mwaloni sijawahi kulisikia. Huko mtu husema "nina mawazo", "moyo umekuwa mzito", "kichwa kimejaa". Nchini Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda aligundua kitu hichohicho: wagonjwa wake hawakuja wakisema wana sonona, walisema kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Kuanzia mwaka 2006 akawafundisha mabibi wa mtaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu kwa neno hilohilo lao, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliopita kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Waliopimwa walikuwa watu wazima, kwa hiyo tusiichukue ilivyo tukawabandika watoto. Ila kila nikimkumbuka yule bibi wa Sengerema, aliyeunganisha tumbo na msiba kabla yetu sote, naona tulikuwa na benchi nyumbani tukaliona ni ushamba.

Tuje kwenye milango yenyewe.

Wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Usiuruke kwa sababu hawana mtaalamu wa akili. Huku ziwani tumbo la kweli lipo: kichocho, minyoo, vidonda vya kweli. Upungufu wa damu humfanya mtoto aonekane mvivu. Malaria ikipanda kichwani huleta kuweweseka ambako ukoo wote utaapa ni majini. Mwili upimwe kwanza, na upimwe mara moja vizuri, si mara tano kwenye maabara tano. Majibu yakirudi safi na mtoto bado yuko vilevile, hayo majibu safi ni taarifa. Hapo mwambie tabibu kwa mdomo wako kwamba unaomba mtoto aonwe na mtu wa afya ya akili, na uombe barua ya rufaa. Wengi hawataandika mpaka uombe.

Hospitali ya wilaya kwa kawaida huwa na muuguzi au tabibu aliyesomea afya ya akili, na siku maalumu ya kliniki. Ulizia siku hiyo kabla ya kupanda gari, utaniombea dua. Ngazi ya mkoa ni Sekou Toure, pale mjini. Juu yake ni Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko mlimani tangu 1971, yenye idara ya magonjwa ya akili na inayopokea wagonjwa wa mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Zaidi ya hapo ni Muhimbili Dar es Salaam na Mirembe kule Dodoma, na watoto wachache sana wanahitaji kufika huko. Neno Mirembe peke yake limewatisha watu kiasi kwamba ukitaja "hospitali ya akili" mama anaona mwanawe kashafungiwa. Kliniki ya akili ya kawaida ni chumba chenye meza, viti vitatu na kabati la mafaili. Unaingia asubuhi, mchana uko nyumbani unapika.

Ndani utakutana na watu wa aina kadhaa, na familia huwachanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, ndiye wa kuandika dawa na kutaja ugonjwa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Kazi yake ni tiba ya mazungumzo na kupima uwezo wa mtoto. Muuguzi wa afya ya akili ndiye utakayemwona mara nyingi kuliko wote, na kwa uzoefu wangu ndiye injini ya kliniki. Halafu kuna afisa ustawi wa jamii, ambaye watu humkumbuka wakishindwa kulipa tu. Huyu ndiye anayeweza kuandika kwa shule, kwenda nyumbani, kufuatilia matunzo ya baba aliyekimbia, na kuhakikisha msamaha wa gharama unatekelezwa. Kwa sera ya serikali, magonjwa ya akili yamo kwenye orodha ya magonjwa sugu yanayosamehewa malipo katika vituo vya umma. Kwenye karatasi. Dirishani unaweza kuambiwa dawa zimeisha, nenda kanunue. Hapo usiondoke ukinung'unika; uliza ofisi ya ustawi iko wapi, na uende.

Dada yangu alifika kliniki kwa bahati. Tabibu mmoja kijana, baada ya kuona vyeti vya maabara vimejaa kwenye mfuko wa rambo, alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mama, nyumbani kuna nini?" Akalia. Tabibu akaandika barua.

Siku ya kliniki alikwenda na daftari lake la madeni. Ndani, pembeni ya majina ya wateja na ndoo walizokopa, alikuwa akiandika "tumbo" kila mtoto alipoumwa, bila sababu maalumu, kwa mazoea tu ya mtu anayeandika kila kitu. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi, alilipekua kimya.

"Hizi Jumapili naziona," akasema. "Na hii Alhamisi, tarehe 14?"

Dada akafikiri. "Siku ile kulikuwa na upepo."

"Na hii ya tarehe 27?"

"Upepo pia. Mitumbwi haikutoka."

Muuguzi akavua miwani. Mimi niliyekuwa nimekaa mlangoni nilihisi nywele zikisimama. Daftari la dagaa lilikuwa limeandika ugonjwa kuliko vipimo vyote tulivyolipia.

Basi mzazi, kabla ya kwenda, andika. Karatasi moja inatosha: ilianza lini, hutokea saa ngapi, analala vipi, anakula nini, nini kilibadilika nyumbani mwaka huu, nani kahama, nani kafa, nani kaja kuishi hapo. Ukifika dirishani na neno "tumbo" utapelekwa kwenye tumbo.

Kikao cha kwanza hushangaza wengi kwa sababu hakifanani na hospitali. Mzazi huulizwa mambo ya ujauzito, uzazi, lini mtoto alitembea, ugomvi wa nyumbani, pombe. Kisha mzazi anaombwa atoke. Hapo ndipo akina mama wanaposhtuka: mtoto wangu atasema nini? Atasema mambo yake, na yatabaki mle. Muuguzi alimweleza mpwa wangu mbele yetu, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba atakayoyasema hatayatoa nje isipokuwa mambo matatu: akisema anataka kujidhuru, akisema anataka kumdhuru mtu, au akisema kuna mtu anamdhuru. Niliona mabega ya kijana yakishuka.

Walikaa kama dakika 40. Tulipoitwa tena, muuguzi alisema, "Ameniruhusu niwaambie jambo moja." Jambo lenyewe ni hili: kila alipokuwa darasani, mtoto aliamini mama yake atapanda mtumbwi kufuata dagaa na hatarudi. Tumbo ndilo lililombakiza nyumbani amlinde. Ikifika saa nne mitumbwi imeshafunga na jua liko juu, mama hana tena safari ya ziwani, tumbo linapoa.

Dada yangu hajawahi kupanda mtumbwi maishani. Ananunulia ufukweni. Hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto.

Kwa kitabu hiyo huitwa hofu ya kutengana, ikiwa imejishika kwenye msiba ambao haukuongelewa. Na tiba yake ilitugusa sote. Mama alimpeleka kijana mwaloni alfajiri moja, akaona kwa macho yake mahali mama anaposimama. Mimi, mjomba, nilipewa kazi ya kumsimulia mazuri ya baba yake, kwa sababu nyumbani jina la marehemu lilikuwa limefungiwa kabatini. Shuleni alirudi kwa hatua: wiki ya kwanza vipindi viwili, ya pili mpaka saa nne, ya tatu siku nzima. Afisa ustawi aliandika barua kwa mkuu wa shule. Mwalimu wa unasihi akakubali kwamba saa nne, wakati wa uji, kijana apigiwe mama yake kwa simu ya mwalimu, nusu dakika. Vilikuwa vikao saba kwa jumla. Ndiyo maana wataalamu husema huduma ya mtoto ni huduma ya familia. Zamani nilidhani ni maneno ya semina.

Dawa? Hakupewa hata kidonge, na hili liliwaudhi ndugu kadhaa walioona tumepoteza nauli. Kwa watoto wenye huzuni na hofu, mazungumzo huja kwanza. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani haitaki watoto wa miaka 6 hadi 12 wapewe dawa za sonona. Kwa waliovuka hapo huweza kufikiriwa hali ikiwa nzito, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kifafa ni habari nyingine. Kile kinataka dawa kila siku, na ukizikatisha ghafla kwa sababu mtoto "amepona kwa maombi", anaweza kupata degedege lisilokatika na kufa. Vivyo hivyo kijana anayesikia sauti zisizokuwepo: huyo dawa zinamrudisha duniani, na kadiri anavyozipata mapema ndivyo anavyookoa masomo yake.

Kuhusu waganga na maombi, nitasema ninavyoamini hata kama nitapigwa mawe pande zote. Usukumani mtu haponi akiwa peke yake, na familia ikitaka kumaliza msiba kwa mila, au kanisa likitaka kumwombea mtoto, hakuna kliniki yenye akili itakayokataa. Tulifanya vyote viwili. Bibi alikuja, tukakaa, matambiko madogo ya msiba yakafanyika, na kijana alilia mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mstari ninaouchora mimi ni huu: hakuna kumfunga kamba, hakuna kumchapa ili jini litoke, hakuna kumchanja, hakuna kumnyima chakula, hakuna kuacha dawa, na hakuna kumwacha mtoto peke yake usiku na mtu usiyemjua. Anayekuomba kimojawapo cha hivyo, mganga au nabii, ondoka na mwanao.

Kuna mlango mmoja ambao hauanzii hospitali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa na serikali pamoja na UNICEF na wengine, ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walipigwa ngumi, mateke au mijeledi na watu wazima wanaowajua. Kwa hiyo mtoto anaponyamaza ghafla, au anapoogopa nyumba fulani ama mtu fulani, swali la ukatili lazima liulizwe, kwa upole, na mtu anayemwamini. Akikuambia, usimhoji kama polisi. Sikiliza, mwambie si kosa lake. Kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi mpate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na matibabu haraka, ndani ya saa 72, maana kinga ya VVU ina muda wake. Usimwogeshe kwanza. Ukianzia hospitali moja kwa moja pia ni sawa, na baadhi ya hospitali za serikali zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi hukutana mahali pamoja ili mtoto asirudie kisa chake mara tano. Simu ya mtoto ni 116, haina gharama, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Na viboko? Kanuni za shule bado zinaviruhusu kwa masharti: visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Mpwa wangu alichapwa bila idhini wala hesabu, kwa ugonjwa. Sijui mwalimu yule angefanya nini kama jina la tano angelikuwa nalo. Nadhani si mtu mbaya.

La mwisho ni zito na nitalisema kifupi. Kijana akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, usimwambie anatafuta kuonewa huruma. Muulize wazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za shambani na vidonge vilivyobaki, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Familia nyingi huficha kwa sababu Kanuni ya Adhabu, tuliyorithi kwa mkoloni, inalitaja jaribio la kujiua kama kosa. Kwa majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Vyovyote sheria itakavyokwenda kwetu, mtoto wa namna hiyo anahitaji kitanda na mtu wa kukaa naye, na aibu ya ukoo inaweza kusubiri.

Kinachobaki kuwa kigumu kuliko yote haya ni kurudi. Mlango unaweza kuupata mara moja; kuupita mara saba ni habari nyingine. Mama wa kisiwa cha Ukara anavuka maji mara mbili kufika Mwanza, na tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, kuna watoto wa visiwa vile ambao ukiwaambia "panda kivuko uende kliniki" umewaambia wakanyage palepale panapowauma. Upande wa Sengerema daraja la Kigongo–Busisi limepunguza adha tangu 2025. Visiwani bado. Kliniki inayotoa tarehe bila kuuliza mtu anaishi wapi na anakula nini inajitengenezea mafaili yasiyofunguliwa tena.

Yule muuguzi wa miwani ya uzi alilijua hilo. Kikao cha kwanza kilipoisha, aliandika kwenye kadi tarehe ya wiki mbili mbele. Dada akaitazama, akasita, akasema kwa aibu kwamba siku hiyo itakuwa giza, hakuna mbalamwezi, na dagaa huvuliwa gizani, asiposimama ufukweni alfajiri hiyo watoto hawali. Muuguzi hakumgombeza. Aliifuta tarehe, akainuka akaenda kwenye kalenda iliyopigiliwa ukutani, akaweka kidole kwenye mwezi.

"Mbalamwezi inaanza lini?" akauliza.

Kijana ndiye aliyejibu. Baba yake alimfundisha kuhesabu. Wakahesabu pamoja, muuguzi kwa kalamu na yeye kwa vidole, mpaka wakafika kwenye Jumanne ambayo mitumbwi ya dagaa ingekuwa imepumzika.